Usiku wa Kuhama Si Usiku wa Kufikiri

Hotuba hii, ya kuhusu kuhamisha seva kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, ilitolewa Lamu, mbele ya wasimamizi wa seva na mitandao wa ofisi za umma, hospitali, shule, mahoteli na vyama vya akiba. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wasiowahi kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Waliovuka kutoka Mokowe na boti ya asubuhi, ahsanteni. Wa Shela mliokuja kwa miguu, maji baridi yako pale nyuma.

Ndugu zangu, mkienda Matondoni mkakuta jahazi limelazwa pwani, muulizeni fundi aliamua lini kulipandisha. Hatawaambia kwamba ni leo asubuhi. Chombo kikubwa hupandishwa kwa maji ya bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na bamvua likikupita wangoja lijalo, kiasi cha wiki mbili. Kwa hiyo siku ya kupandisha pamba ya kukalafatia iko, misumari iko, deheni iko, ubao wa kubadilisha ulishapimwa na kukatwa. Hapana mtoto anayetumwa dukani chombo kikiwa kimelala ubavu. Sisi wa seva je? Mbona sisi hulaza chombo ubavu kwanza, ndipo tukaulizana misumari iko wapi?

Nimekuja na neno moja tu: usiku wa kuhama si usiku wa kufikiri. Uamuzi wowote unaoweza kufanywa mchana, umelala na umekula, ufanywe mchana na uandikwe. Usiku uwe wa kufuata karatasi.

Tuanze na tarehe. Kila mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha mashine, una siku yake ya mwisho, na siku hiyo hutangazwa miaka mingi kabla. Windows Server 2012 na 2012 R2 zilifika mwisho tarehe 10 Oktoba 2023. Anayelipia viraka vya ziada, yaani masahihisho ya matundu ya usalama, anasogezwa hadi 13 Oktoba 2026, basi. Windows Server 2016 ni 12 Januari 2027. Windows Server 2019 ni 9 Januari 2029. Kwa upande wa Linux, Ubuntu 20.04 ilimaliza msaada wake wa kawaida Mei 2025, 22.04 inakwenda hadi 2027 na 24.04 hadi 2029. Debian 11, pamoja na muda wake wa nyongeza, ni 31 Agosti 2026. CentOS 7 ilikwisha 30 Juni 2024, na najua humu ndani bado ziko zinazowaka.

Siku hiyo ikifika, hutokea nini? Hakutokei kitu, na hilo ndilo linalotudanganya. Seva haizimiki. Inawaka vilevile, feni zinavuma vilevile, bosi anapita anaona taa ya kijani. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Na kwa CentOS 7 kuna zaidi: anwani ya mirrorlist.centos.org iliondolewa, kwa hiyo ukiita yum, amri ya kuleta programu na viraka, unajibiwa kwamba jina hilo halipatikani. Utakwama hapo mpaka uelekeze mafaili yaliyo ndani ya /etc/yum.repos.d kwenye vault.centos.org, yaani kwenye ghala la vitu vya kale.

Tena tarehe yenyewe haina kiapo. CentOS 8 ilitoka Septemba 2019, watu wakaambiwa wataitumia hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 likatoka tangazo: mwisho ni 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ikakatwa kwa siku moja. Na walioumia zaidi ni akina nani? Ni wale wepesi waliokwisha hama kutoka 7 kwenda 8, kwa sababu 7 waliyoiacha ilikuwa na uhai hadi 2024. Kutokana na tangazo lile zilizaliwa AlmaLinux na Rocky Linux mwaka 2021. Hiyo ya pili ilianzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, akaipa jina la mwenzake marehemu Rocky McGaugh. Waliokuwa na daftari la mambo yao, wanaojua nini kimewekwa wapi na kwa nini, walivuka upande wa pili kwa wiki chache. Wasiokuwa nalo walianza uchunguzi upya.

Tarehe mziandike pembeni ya kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Seva inayokufa Januari 2027, fedha yake ikiingia kwenye bajeti ya Julai 2026 imekuachia miezi sita tu ya kununua, kuisafirisha hadi kisiwani, kuifunga, kujaribu na kuhama. Na kwenye ombi lako usisahau leseni. Leseni za watumiaji, zile CAL, za 2016 hazimruhusu mtu kufikia seva ya 2022, zanunuliwa upya. Leseni ya seva yenyewe huhesabiwa kwa koa (core), yaani viini vya prosesa, na hesabu haishuki chini ya 16 hata mashine yako ikiwa na nane.

Prosesa nayo iangalieni kabla ya kuagiza toleo. Red Hat 9, Linux mama ya CentOS, na ndugu zake wanataka prosesa ya kiwango cha x86-64-v2. Red Hat 10 imepanda hadi v3, ambayo kwa Intel ni kizazi cha Haswell cha 2013 na baadaye. Andika lscpu, utafute neno avx2. Kama halipo, usiku wako umekwisha kabla haujaanza, labda uende na AlmaLinux 10 ambayo imetoa toleo la kando kwa v2.

Jambo la pili ni daftari, na hapa ndipo wengi huzama. Nikikuuliza seva yako inafanya nini, utanijibu: mafaili na printa. Kweli? Kwenye Linux andika ss -tulpn uone poti zote, yaani milango ya mtandao, zinazosikiliza na programu zinazozishika. Kwenye Windows netstat -ano. Kisha systemctl list-unit-files --state=enabled, uone huduma zinazojiwasha zenyewe. Kisha crontab, orodha ya kazi zinazojiendesha kwa saa zake, ya kila mtumiaji, si ya msimamizi mkuu root peke yake, pamoja na /etc/cron.d. Kwenye Windows schtasks /query /fo csv /v. Utakuta skripti, programu ndogo ya kujiendesha, iliyoachwa na mtu aliyehamia Mombasa, inayotuma ripoti kwa mhasibu kila tarehe 28. Wewe huijui, mhasibu naye hajui kwamba ni skripti. Anajua ripoti huja tu. Ndiyo maana uchunguzi usipungue mwezi mmoja kamili, ukiwa na mwisho wa mwezi ndani yake. Kazi za mishahara hazionekani tarehe 12.

Daftari liwe na safu nne: huduma, mwenyewe, vitu vinavyoitegemea, na jina la mtu atakayeijaribu asubuhi akasema inafanya kazi. Jina la mtu, jamaa, si jina la idara. Idara haipokei simu alfajiri.

Mfano wa gharama ya kutojua nini kinategemea nini ni SMB, ile lugha ya kugawana mafaili ya Windows. Toleo lake la kwanza lilikuwa na tundu. Microsoft ilitoa kiraka chake 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei mwaka uleule, WannaCry ikapitia tundu lile ikazunguka dunia. Kule Uingereza karibu thuluthi ya taasisi za hospitali za umma za England zilitatizika, miadi ya wagonjwa ikafutwa kwa maelfu. Miezi miwili kiraka kilikuwepo. Wengi hawakukiweka, wengine kwa kuogopa kwamba mashine fulani ya zamani itakataa kufanya kazi.

Na ile mashine ya zamani ni ipi kwetu? Ni fotokopi iliyo kwenye korido, inayoskani karatasi na kuzitupa kwenye folda ya seva. Nyingi za umri ule zinajua SMB1 tu. Windows Server 2019 na zilizofuata haziiweki SMB1 zikifungwa upya. Basi unahama usiku, kila kitu kimekaa sawa, asubuhi karani wa masjala anaskani na hakuna kinachofika. Unafanya nini, unawasha SMB1? Usiwashe! Tafuta fimwea mpya, yaani programu ya ndani ya fotokopi. Ikikosekana, ifanye itume kwa barua pepe au kwa FTP kwenye kijisanduku kilichotengwa peke yake kwenye mtandao. Lakini hayo uyajue mwezi kabla, fotokopi ikiwa imeandikwa kwenye daftari pamoja na modeli yake. Ndugu wengine wa tatizo hili niwataje nikiwa napita: Ubuntu 22.04 inakuja na OpenSSL 3, maktaba ya kufunga mawasiliano kwa siri, na vifaa vya TLS 1.0, kanuni ya zamani ya siri hiyo, vinakataliwa; OpenSSH, chombo cha kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, tangu 8.8 haikubali saini za zamani za ssh-rsa za SHA-1, kwa hiyo skripti yako inayoingia kwenye rauta ya zamani itagonga mlango bila kufunguliwa.

La tatu, bekapu. Najua mnazo. Kila mkutano nikiuliza nani hana bekapu, mikono haiinuki. Swali langu ni jingine: nani amerudisha bekapu yake mwaka huu, kwenye mashine nyingine, akaifungua, akaona data?

Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, watu ambao kazi yao ni kuhifadhi misimbo ya programu za watu wengine, mhandisi wao alikuwa akirekebisha databesi usiku. Akafuta folda ya data kwenye seva akidhani ni ile ya akiba. Ilikuwa ile kuu. Aliposimamisha amri, katika gigabaiti 300 hivi zilibaki nne na nusu. Wakakimbilia bekapu. Walikuwa na njia tano. Hata moja haikuwa ya kutegemewa.

Na sikilizeni kwa nini, maana hili ni somo la kupandisha toleo. Databesi yao ilikuwa PostgreSQL 9.6, lakini programu ya pg_dump, inayotoa nakala ya databesi, iliyoitwa kila siku ilikuwa ya 9.2. Toleo la zamani likikutana na databesi mpya husema kosa, likaacha. Kwa hiyo folda ya bekapu ilikuwa tupu. Barua pepe za kuonya zilitumwa, lakini mtambo wa barua ulizikataa kwa kukosa saini ya DMARC, uthibitisho kwamba barua imetoka kweli kwa mwenyewe. Waliokolewa na snapshoti, picha ya diski ya wakati mmoja, iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, tena kwa shughuli nyingine. Wakapoteza data ya saa hizo sita, na kunakili tu kuirudisha mahali pake kukachukua saa kumi na nane hivi, kwa sababu diski za upande wa pili zilikuwa za polepole.

Mmeona? Seva ilipanda, chombo cha bekapu kikabaki chini, na hakuna aliyejua, maana ukimya ulichukuliwa kuwa ni salama. Basi mkipandisha seva, bekapu ya usiku unaofuata ichunguzwe kwa macho. Faili lipo? Lina ukubwa wa kawaida? Linafunguka? Na onyo lisiwe barua pepe ya kosa. Liwe ujumbe wa kila siku wa "nimemaliza", ambao ukikosekana unajua kuna jambo.

Kanuni ya nakala tatu mnaijua: tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwetu nje ya jengo maana yake ni ng'ambo ya maji. Diski mbili za USB zilizofungwa kwa nenosiri, moja iko Mokowe, moja iko hapa, zabadilishana kila wiki. Zihifadhiwe kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, maana hewa hii ya chumvi inakula pini za plagi taratibu, utakuja kuchomeka siku ya haja ukute kutu ya kijani.

Tena pimeni muda. Chukua gigabaiti 800. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, ikiwa haikukatika hata mara moja, ni saa 89, karibu siku nne. Kwa kebo ya gigabiti ndani ya chumba kimoja ni saa mbili na kitu. Anayepanga kurudisha bekapu kutoka kwenye wingu usiku mmoja kwa intaneti ile, hesabu hii hakuifanya. Rudisha kwa majaribio mara moja, uangalie saa, uandike: saa mbili na nusu. Tutaihitaji namba hiyo mbele.

Sasa tuje kwenye kuhama kwenyewe. Kuna njia mbili: kupandisha palepale mfumo ulipo, au kujenga mpya kando na kuhamia. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi kwa seva yoyote yenye uzito nasema jenga kando. Seva ya zamani inabaki nzima, haikuguswa, na ndiyo njia yako ya kurudi. Kupandisha palepale nakukubali kwa mashine pepe ndogo (mashine ya programu tu, ndani ya mashine nyingine), yenye kazi moja, ambayo unaweza kuizima, ukainakili nzima, kisha ndipo ukaanza.

Wa Ubuntu, palepale ni hivi. Hupandi ngazi mbili kwa mkupuo: 20.04 kwenda 22.04, kisha 24.04. Angalia df -h /boot. Kizigeu kile, sehemu ya diski ya kuwashia, kikijaa kerneli za zamani, yaani mioyo ya mfumo, kazi hukatika katikati. Maliza viraka vyote vya toleo ulilonalo, uwashe upya, ndipo do-release-upgrade. Kwa LTS, matoleo ya msaada wa muda mrefu, toleo jipya halitolewi kwako mpaka litoke lile la nukta moja, 24.04.1 kwa mfano. Kusubiri huko kuna maana, msilazimishe. Ukiwa umeingia kwa SSH, amri hiyo inafungua mlango wa akiba kwenye poti 1022 na kuendesha kazi ndani ya screen, ili intaneti ikikatika uweze kurudi uliposimama. Lakini fayawoli haifungui poti hiyo yenyewe, fungua wewe kabla. Hazina za nje za programu zitazimwa, utaziwasha moja moja baadaye. Na PHP, lugha ya kuandikia mifumo ya wavuti, itaruka: 7.4 kwenye 20.04, 8.1 kwenye 22.04, 8.3 kwenye 24.04. Mfumo wa shule ulioandikwa kwa 7.4 utaonesha ukurasa mweupe. Huo ni uamuzi wa mchana.

Wa Windows: seva ya domeni, ile inayoshika majina na nenosiri za watumiaji wote, usiipandishe palepale hata kama inawezekana. Jenga mpya, iingize, ipe kazi, hamisha madaraka, kisha shusha ya zamani. Kwanza dcdiag na repadmin /replsummary, amri za kupima afya ya domeni, na makosa yote yatibiwe kabla hujaongeza chochote. Mgonjwa hapewi mzigo. Kisha dfsrmig /getglobalstate. Domeni zilizoanza zamani huwa bado zinanakili SYSVOL, folda ya pamoja ya domeni, kwa FRS, mtambo wa zamani wa kunakili, na Windows Server 2019 kwenda mbele haikubali kuwa seva ya domeni katika hali hiyo. Mpaka upitie hatua tatu za dfsrmig, kila moja ukiisubiri ienee, ndipo uendelee. Madaraka ya kuhamisha ni matano. Netdom query fsmo itakuambia yako kwa nani. Anayeshika daraka la PDC ndiye mwenye saa ya nyumba nzima, kwa hiyo ukimhamisha mwelekeze upya chanzo cha saa, maana Kerberos, mlinzi wa kuingia, huvumilia tofauti ya dakika tano tu, kisha inafungia watu nje. Halafu kila kifaa chenye IP, yaani anwani, ya seva ya zamani kama DNS, mtafsiri wa majina ya mtandao: DHCP inayogawa anwani, printa, kamera, rauta ya hoteli. Hapo tena daftari.

Mafaili yahamisheni kwa raundi mbili. Ya kwanza wiki moja kabla, watu wakiwa kazini, inachukua mzigo wote. Ya pili usiku wenyewe, inachukua yaliyobadilika tu, na dakika ishirini zaweza kutosha. Linux ni rsync -aAXH --numeric-ids. Windows ni robocopy, na hapo nina maonyo mawili. Bila kuiambia, robocopy hurudia faili lililoshindikana mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara. Weka /R:1 /W:1, la sivyo faili moja lililofunguliwa na mhasibu litakungojesha mpaka uzee. La pili, /MIR hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza. Ukigeuza pande mbili hizo, umenakili utupu juu ya data ya watu. Amri iandikwe mchana, isomwe na mtu wa pili, iendeshwe kwanza na /L ambayo huorodhesha bila kugusa.

Databesi ndiyo yenye mtego nisiotaka mtu aondoke hapa bila kuujua. Ukinakili folda ya PostgreSQL nzima kutoka CentOS 7 kuipeleka kwenye Rocky 8, itawaka. Itajibu. Itaonekana nzima. Lakini glibc, maktaba ya chini inayopanga herufi, ilibadilisha mpangilio wake toleo la 2.28. Jaribu mwenyewe kwa amri ya sort, lugha ikiwa en_US.UTF-8: "11" na "1-1". Mfumo wa zamani hutanguliza 11. Mpya hutanguliza 1-1. Sasa indeksi zako, orodha za kutafutia, zilipangwa kwa mpangilio wa zamani na zinatafutwa kwa mpangilio mpya. Unamtafuta mgonjwa mwenye namba yenye kistari, unaambiwa hayupo, na yupo. Karani anamsajili mara ya pili, na kizuizi cha namba kujirudia hakimzuii. Wiki tatu baadaye una wagonjwa pacha. Ubuntu 18.04 kwenda 20.04 ina mtego uleule. Dawa ni kutoa kwa pg_dump ya toleo jipya na kuingiza upya, au kufanya REINDEX, yaani kupanga indeksi upya, kabla ya kumfungulia mtu mlango.

Na mlango wenyewe? Jina la seva kwenye DNS. Rekodi yenye TTL, muda wa kukumbukwa kwa sekunde, ya 86400 hukaa kwenye kumbukumbu za watu siku nzima. Ishushe iwe 300 angalau siku moja kabla, ili ukigeuza jina usiku wakufuate ndani ya dakika tano, na ukirudi pia warudi ndani ya dakika tano.

Tumefika kwenye usiku. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Basi ngama yako iko wapi, na utarejea saa ngapi? Tufanye hesabu pamoja. Mmepewa nafasi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kurudisha mlikupima: saa mbili na nusu. Kuhakiki baada ya kurudisha: nusu saa. Ondoa saa tatu kutoka saa kumi na moja. Saa nane kamili usiku, kama orodha ya majaribio haijapita yote, mnarudi. Si saa nane na dakika kumi. Si "bado kidogo". Na anayesema turudi asiwe yule mwenye kibodi, kwa sababu mwenye kibodi siku zote amebakiza kidogo.

Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja milioni 5.2 wikiendi moja ya Aprili 2018, kutoka mfumo wa benki ya Lloyds iliyokuwa mmiliki wake wa zamani kwenda mfumo mpya wa mmiliki wake Sabadell. Data yenyewe ilivuka salama. Mfumo ulipofunguliwa Jumapili jioni ndipo ulipozidiwa. Hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na mambo hayakutulia sawasawa mpaka Desemba. Uchunguzi ulikuta nini? Kwamba karibu wote walihamishwa kwa mkupuo mmoja. Kwamba vituo vya data vilikuwa viwili, na majaribio ya mzigo yalifanyika kwenye kimoja. Desemba 2022 wasimamizi wa fedha wakawatoza faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wao wa teknolojia akatozwa yake mwenyewe, kutoka mfukoni mwake.

Hospitali yenu si TSB, lakini makosa ni yaleyale. Hamisheni idara moja kwanza, ile yenye watu wavumilivu. Wiki ikipita, ya pili. Jaribuni kwa mzigo: asubuhi ya Jumatatu ya uongo, watu ishirini waingie kwa pamoja, si wewe peke yako usiku ukiona kila kitu chepesi.

Tena jueni mahali ambapo kurudi kunakoma. Databesi ya MySQL 5.7 ikishapanda 8.0 haishuki; njia ya nyuma ni bekapu peke yake. Na hata penye njia, mtumiaji wa kwanza akishaandika data kwenye seva mpya, kurudi kuna maana ya kuitupa data yake. Kwa hiyo majaribio yote yafanyike mlango ukiwa bado umefungwa. Karatasini hapo pigeni mstari mwekundu.

Vidogo vya usiku: ISO zote, yaani mafaili ya kuwekea mfumo, zishushwe wiki kabla na kuhakikiwa kwa sha256sum, ya Windows Server 2022 peke yake inakaribia gigabaiti 5. UPS, betri ya akiba ya umeme, ijaribiwe kwa kuchomolewa ukutani kweli, kwa sababu betri ya miaka minne huonesha asilimia mia na kuzimika dakika ya pili. Nenosiri la msimamizi wa ndani, lisilotegemea domeni, liwe kwenye bahasha. Simu ya anayeshika ufunguo wa chumba iwe imeandikwa. Na kama mko kisiwani na fundi wa vifaa yuko bara, mjue boti ya usiku mtaipata vipi, na nani atalipa.

Asubuhi msilale bado. Wale wenye majina kwenye safu ya nne wapigiwe, wajaribu, waseme ndiyo. Seva ya zamani ichomolewe kebo ya mtandao na izimwe, isifutwe. Ikae hivyo siku thelathini, ipite mwisho wa mwezi mmoja. Ile ripoti ya tarehe 28 ikikosekana, skripti yake iko mle. Ya domeni ni mbali: hiyo ilishashushwa rasmi, msije mkairudisha kutoka snapshoti ya zamani. Zikiisha siku thelathini, diski zifutwe kwa programu ya kufuta au zitobolewe kwa keekee, na iandikwe nani alifanya na lini, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kama seva ilikuwa stoo au ilikuwa kazini.

Nimemaliza. Maswali yaanze na wa Mokowe, boti yao haiwangoji.